Makumbusho yatuulize ni nani aoshaye vyombo vyetu

Ukimwuliza Mkenya wa kawaida jumba la makumbusho ni nini, yamkini atakujibu kuwa ni mahali pa kuhifadhia vitu vya kale: mafuvu ya watu wa zamani, mikuki, vyungu, ngao na ndege waliokaushwa. Jawabu hilo si la uongo, lakini lina hatari yake. Linatuzoesha kuamini kwamba kila kilichowekwa ndani ya kabati la kioo ni jambo lililokwisha, na kwamba wajibu wetu sisi tupitao mbele yake ni kustaajabu, kuandika jina lake daftarini na kwenda zetu.

Leo ningependa kuzungumza na walimu pamoja na wanafunzi wao kuhusu jambo ambalo halijakwisha na ambalo, kwa maoni yangu, linastahili kupewa vyumba vyake katika makumbusho yetu. Jambo lenyewe ni utumikishaji wa watoto.

Nasema halijakwisha kwa sababu takwimu zipo. Shirika la Kazi Duniani (ILO) na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF) yalikadiria kwamba katika mwaka wa 2024 watoto wapatao milioni 138 walikuwa wakitumikishwa ulimwenguni. Kati yao milioni 54 walikuwa katika kazi za kuhatarisha afya, usalama au maadili yao. Karibu theluthi mbili ya watoto wote hao wako katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara. Asilimia 61 hufanya kazi za kilimo, na katika hesabu hiyo ufugaji na uvuvi umo. Kwa maneno mengine, tunapozungumza kuhusu mtoto anayetumikishwa hatuzungumzi kuhusu mtoto wa mbali. Tunazungumza kuhusu jirani.

Si kwamba hatuna sheria. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 53, humpa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na haki ya kulindwa dhidi ya kazi za hatari na za kumnyonya. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kabisa kumwajiri mtoto ambaye hajatimiza miaka 13. Aliye baina ya miaka 13 na 16 aweza tu kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kuhudhuria masomo. Kenya iliridhia Mkataba wa ILO nambari 138 kuhusu umri wa chini wa kuajiriwa mnamo 1979, na ule nambari 182 kuhusu aina mbaya zaidi za utumikishaji mnamo 2001. Mwaka wa 2003 karo ya shule za msingi za umma ikaondolewa.

Hata hivyo, sheria husomwa na mawakili na mahakimu, ilhali uamuzi wa kumtoa mtoto shuleni, au wa kumchukua mtoto wa mtu mwingine kutoka kijijini aje kukulelea mwanao, hufanywa usiku mezani baina ya watu wa nyumba moja. Uamuzi huo ni wa kifamilia. Basi anayetaka kuubadilisha hana budi kuifikia familia nzima kwa pamoja. Shule humfikia mtoto bila ya mzazi. Baraza la chifu humfikia mzazi bila ya mtoto. Makumbusho ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mama, baba na watoto husimama mbele ya kitu kimoja kwa wakati mmoja, wakakitazama na kukizungumzia. Nafasi hiyo tumeiacha ikipita.

YALIYOFANYWA KWINGINE

Kabla ya kueleza nionavyo mimi, ni vyema tuchungue wenzetu walifanya nini. Tuanze na Uingereza, nchi iliyotangulia kujenga viwanda vikubwa na iliyotangulia pia kuwajaza watoto ndani yake.

Katika kijiji cha Styal, jimbo la Cheshire, kipo kiwanda cha kusokota pamba kiitwacho Quarry Bank, kilichoanzishwa na tajiri Samuel Greg mwaka wa 1784 kando ya mto Bollin. Mnamo 1790 Greg alijenga nyumba ya wanagenzi. Wanagenzi hao walikuwa watoto, wengi wao waliotolewa katika nyumba za maskini, na mapatano yalikuwa kwamba wangefanya kazi kiwandani na kupewa chakula, mavazi na malazi badala ya mshahara. Nyumba hiyo ilipata kuwalaza watoto wapatao 90. Walifanya kazi kwa muda wa takriban saa 12 kila siku, siku sita kwa juma. Wadogo miongoni mwao walitambaa chini ya mashine zilizokuwa zikienda ili wakusanye manyoya ya pamba yaliyoanguka.

Siku hizi kiwanda hicho pamoja na nyumba ya wanagenzi ni makumbusho yanayotunzwa na shirika la National Trust. Mgeni huongozwa katika vyumba walimolala wale watoto, akaonyeshwa walivyokula na walivyotibiwa. Kiwandani mashine huwashwa zikanguruma, hata yule aliyekuja kutembea tu akatambua kwa masikio yake kwamba mtoto aliyefanya kazi humo hangeweza kumsikia mwenziwe akipiga kelele ya hatari.

Lakini kilichonigusa mimi zaidi katika habari za Styal si mashine. Ni kisa cha wavulana wawili, Joseph Sefton wa miaka 17 na Thomas Priestley wa miaka 13, waliotoroka kiwandani mwaka wa 1806 na kwenda kwa miguu hadi London, mwendo wa takriban kilomita 300. Thomas alikuwa ameng'olewa kidole na mashine. Walipokamatwa na kuhojiwa na mahakimu, walieleza kazi yao, chakula chao na malazi yao, na maelezo hayo yamehifadhiwa hadi leo. Jambo la kushangaza ni kwamba hawakutoroka kwa sababu ya njaa wala mapigo. Walitaka kuwaona mama zao. Baadaye walirudishwa kiwandani.

Fikiria, msomaji, mzazi aliyeshika mkono wa mwanawe akisomewa kisa hicho. Hatahitaji kuhubiriwa.

Mfano wa pili uko Wales, katika machimbo ya makaa ya mawe ya Big Pit mjini Blaenavon, ambayo yamekuwa makumbusho tangu 1983. Hapo wageni huvalishwa kofia ngumu na taa ya kichwani, wakateremshwa chini ya ardhi kiasi cha mita 90, wakiongozwa na watu waliowahi kuchimba makaa wao wenyewe. Wakiwa huko chini huombwa wazime taa zao. Giza linaloingia si giza la usiku tulilolizoea, kwani usiku una nyota. Hilo ni giza ambalo mtu hauoni mkono wake hata akiugusisha pua. Ndipo mwongozaji anapowaeleza habari za watoto waliokaa katika giza kama hilo kutwa nzima, kazi yao ikiwa kuvuta kamba ya mlango wa kupitishia hewa kila gari la makaa lilipokaribia. Mwaka wa 1842 tume iliyochunguza hali ya watoto hao ilichapisha ripoti yenye michoro. Michoro hiyo iliwashtua watu waliokuwa wakiota moto wa makaa hayo majumbani mwao, na mwaka uo huo sheria ikapitishwa kuwapiga marufuku wanawake wote na wavulana wenye umri wa chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi.

Mfano wa tatu unatoka Marekani, na huu unawahusu walimu hasa. Lewis Hine alikuwa mwalimu mjini New York. Mwaka wa 1908 aliacha kufundisha, akaajiriwa na kamati iliyokuwa ikipinga utumikishaji wa watoto ili awapige picha viwandani, machimboni na mashambani. Wenye viwanda hawakumtaka, kwa hiyo alijigeuza mara muuza Biblia, mara muuza kadi za posta, mara mkaguzi. Hakuweza kumpima mtoto kwa utepe mbele ya msimamizi. Alichofanya ni kuvijua vifungo vya kizibao chake, kila kifungo na kimo chake kutoka ardhini. Mtoto aliposimama kando yake, Hine alitazama kichwa kimefika kifungo kipi, kisha akaandika maelezo akiwa ameuficha mkono mfukoni. Mwaka huo huo wa 1908, mjini Lancaster katika jimbo la South Carolina, alimpiga picha msichana aitwaye Sadie Pfeifer, aliyesimama kando ya mashine ndefu ya kusokota nyuzi. Aliandika kwamba kimo chake kilikuwa inchi 48, yaani sentimita 122 hivi. Picha za Hine zaidi ya 5,000 zimo katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Hata hivyo sheria madhubuti ya taifa zima dhidi ya utumikishaji wa watoto haikupatikana huko hadi mwaka wa 1938.

Kutokana na mifano hiyo tunajifunza mambo matatu. Styal inatufunza kwamba mtoto sharti awe na jina na hamu yake, asiwe sanamu tu ya huzuni. Big Pit inatufunza kwamba mwili huelewa upesi kuliko macho. Naye Hine anatufunza kwamba kipimo kidogo kilicho sahihi chaweza kusema mengi kuliko hotuba.

KUTAZAMA SI KUTENDA

Nimewahi kuwaongoza wanafunzi katika ziara za makumbusho, na naamini kila mwalimu anayesoma makala haya anayajua niliyoyaona. Wanafunzi hupanga foleni, hunakili maandishi yaliyobandikwa ukutani, huulizana nani amemaliza, kisha hukimbilia basi. Ukiwauliza juma lifuatalo wanakumbuka nini, watakutajia nyoka, kwa sababu nyoka alitikisika. Wazazi nao wakija na watoto wao siku ya Jumapili hufanya yayo hayo pasipo daftari.

Tusiwalaumu. Mtu hukumbuka alichokifanya. Maonyesho ya kushirikisha ni yale ambayo hayakamiliki mpaka mgeni afanye jambo: ainue, apime, ahesabu, achague, aulize. Na maonyesho ya kuishirikisha familia yana sharti moja zaidi, kwamba mtoto peke yake asiweze kuyamaliza wala mzazi peke yake asiweze. Mmoja ashike na mwenziwe asome. Mmoja aulize na mwenziwe ajibu.

Kwa kufuata sharti hilo, ningependekeza vyumba vinne. Si lazima viwe vikubwa.

Chumba cha kwanza kiwe na ukuta wa vimo. Ukutani pachorwe kizibao cha mtu mzima chenye vifungo, na kwenye kila kifungo paandikwe jina la mtoto wa kweli aliyemo katika historia, umri wake ukijulikana, na kazi aliyoifanya. Mtoto asimame ukutani, mzazi aweke mkono wake juu ya kichwa cha mwanawe na kusoma ni nani aliyekuwa na kimo hicho. Mwenye mtoto wa sentimita 122 atamkuta Sadie Pfeifer. Hakuna mtambo unaohitajika, wala umeme. Ni rangi na ubao tu.

Chumba cha pili kiwe na saa kubwa ya mbao iliyogawanywa katika saa 24 za mchana na usiku, pamoja na vipande vya rangi mbalimbali: usingizi, masomo, chakula, mchezo, kazi. Mtoto apange siku yake mwenyewe. Kisha mzazi apange siku yake alipokuwa na umri huo. Halafu wote wawili wapange siku ya mwanagenzi wa Styal, na baada ya hapo siku ya mtoto mchuma chai wa hapa kwetu enzi za ukoloni. Tusisahau kwamba historia hii tunayo pia. Watoto waliajiriwa katika mashamba ya walowezi, na katika miaka ya 1930 Arkidikoni Walter Owen, mmishonari aliyefanya kazi Nyanza, alijulikana kwa kulipinga jambo hilo waziwazi. Familia itakapoona kipande cha mchezo kimebaki mkononi bila ya mahali pa kukiweka, itaelewa.

Chumba cha tatu kiwe cha mizigo. Kila nyumba nchini inaujua mtungi wa plastiki wa lita 20. Maji ya lita 20 yana uzito wa kilo 20. Mtoto apande juu ya mzani, mzazi asome. Ikiwa mtoto ana kilo 25, basi mtungi mmoja ni sehemu nne kati ya tano za uzito wa mwili wake. Mtungi wenyewe auinue mzazi, si mtoto. Kando ya mtungi pawe na kapu na mmea wa chai wa kuigiza, wenye majani ya kitambaa yanayobandikwa na kubanduka. Familia ipewe dakika tano kuchuma majani mawili na chipukizi, kisha ipime. Mwalimu wa hisabati hapo hapungukiwi na swali: kama kilo moja ya chai iliyokaushwa yahitaji kilo nne na ushei za majani mabichi, mtahitaji dakika ngapi kujaza pakiti iliyoko jikoni kwenu?

Neno hilo, jikoni, ndilo linalotupeleka katika chumba cha nne, na kwangu mimi hicho ndicho chumba chenyewe. Hivyo vingine ni vya kutufikisha humo.

CHUMBA CHA MWISHO

Kisiwe na kitu chochote cha kigeni wala cha kale. Kiwe jiko kama la kwetu sote: sufuria, jiko la makaa au la gesi, beseni la vyombo vichafu, kanga iliyotundikwa, godoro jembamba lililokunjwa pembeni. Kisiwe na sanamu ya mtu. Juu ya meza pawe na kadi zenye maswali, na maswali hayo ayasome mtoto akimwelekezea mzazi wake. Ni nani huamka wa kwanza nyumbani kwetu? Ni nani hulala wa mwisho? Ana umri gani? Kwao ni wapi? Alisoma mpaka darasa la ngapi? Mshahara wake hupokewa na nani? Mara ya mwisho alimwona mamake lini?

Hapo ndipo maonyesho yetu yatakapotofautiana na yale ya Styal. Muingereza anayezuru kiwanda cha Quarry Bank anaweza kuhuzunika, kisha akarudi nyumbani akijua kwamba nyumba ya wanagenzi ilifungwa zamani. Kwetu sisi, familia iliyovaa nguo za Jumapili ikaja kujifunza kuhusu haki za watoto huenda imemwacha nyumbani msichana wa miaka 13 akiosha vyombo vya chakula cha asubuhi. Ni yaya, twasema. Ni mtoto wa shangazi, twasema. Tunamsaidia, kwao hawana kitu. Huenda ni kweli kwamba kwao hawana kitu. Lakini Thomas Priestley naye kwao hawakuwa na kitu, na tajiri wake naye alimpa chakula, mavazi na malazi.

Makumbusho yatakayomweka mtoto anayetumikishwa katika karne nyingine na bara jingine, kisha yakatuaga kwa heri mlangoni, yatakuwa yametudanganya. Yatatufanya tujione wema bure.

Tusijenge chumba hicho kwa pupa, kwa maana kina hatari zake. Ya kwanza ni kuyageuza mateso kuwa mchezo. Mtoto apewe kazi ya kupima na kuulinganisha uzito. Asipewe kazi ya kuigiza kupigwa wala kulia. Pakiwa na kibanda cha giza kwa mfano wa Big Pit, mlango usifungwe kamwe, mzazi awe karibu, na muda usizidi dakika moja au mbili. Hatari ya pili ni aibu. Miongoni mwa wanafunzi watakaoingia huenda yumo aliyeuza njugu jioni iliyopita ili anunue kalamu, au aliyeponda kokoto pamoja na nyanyake. Asiambiwe kwamba yeye ni mkosaji, wala asinyoshewe kidole na wenzake. Kwa sababu hiyo maswali ya jikoni huulizwa na mtoto kwa mzazi wake, kwa sauti ya chini. Hayaulizwi na mwongozaji mbele ya umati. Hatari ya tatu ni picha. Mtoto aliye hai asianikwe uso ukutani kwa kisingizio cha kumtetea. Ni bora waalikwe watu wazima waliowahi kutumikishwa utotoni, walipwe kwa muda wao, na washauri juu ya kila kitu kitakachowekwa humo.

Na mlangoni, kabla ya kutoka, pabandikwe kwa herufi kubwa nambari 116, ambayo ni nambari ya simu ya kuwasaidia watoto nchini isiyotozwa ada. Maswali magumu yasiachwe yakining'inia pasipo mahali pa kupeleka jibu.

HOJA ZA WAPINZANI

Najua kuna watakaopinga. Wa kwanza watasema kwamba kazi ndiyo iliyotulea. Samaki mkunje angali mbichi, watanikumbusha, na mtoto asiyejua kuchota maji hatajua kuwa na nyumba. Nawaunga mkono. Hata ILO haihesabu kila kazi ya mtoto kuwa utumikishaji. Kufagia ua, kumsaidia mama kupika, kuchunga mbuzi siku ya Jumamosi, hayo ni malezi. Makumbusho yaweza kutusaidia kuuona mpaka. Jumba la makumbusho la Kisumu lina boma la Kiluo lililojengwa kwa desturi, pamoja na nyumba zake na maghala yake. Mahali kama hapo familia yaweza kuonyeshwa kazi alizofunzwa mtoto wa zamani na kuulizwa: ni nani aliyemfunza, alifanya kwa muda gani, na faida ilirudi kwa nani? Kazi inayomfunza mtoto na kumrudisha kwa wenziwe jioni ni malezi. Kazi inayomnyang'anya shule, usingizi na mama ni kitu kingine, hata tuiite kwa jina zuri namna gani.

Wa pili watasema kwamba familia zenye watoto wanaotumikishwa haziji makumbushoni. Hazina nauli wala kiingilio. Hoja hii ni nzito, nami sina ugomvi nayo. Ndiyo maana nimetaja vitu vinavyobebeka: ubao wa vimo, saa ya mbao, mzani, kapu na kadi. Vyote hivyo huingia katika sanduku moja, nalo sanduku huingia ndani ya matatu. Laweza kupelekwa katika shule za mashambani siku ya wazazi, katika soko siku ya soko, na ufuoni wavuvi warudipo. Na tusisahau kwamba wale wenye nauli na kiingilio aghalabu ndio wanaoajiri. Somo linawafaa wote wawili.

Wa tatu watauliza fedha zitatoka wapi. Fundi wa jua kali aweza kuunda kila kilichotajwa hapa. Kilicho ghali ni subira. Kifaa cha maonyesho hakifai kujengwa mara moja na kutiwa rangi. Kwanza kitengenezwe kwa karatasi na gundi, familia tano ziitwe zikijaribu, na mtengenezaji anyamaze na kutazama. Wamekwama wapi? Walicheka wapi pasipostahili kicheko? Mtoto wa darasa la tatu aliweza kuyasoma maandishi, au yalibandikwa juu kuliko macho yake? Je, mzazi alikaa pembeni akibofya simu? Kisha kitengenezwe upya. Maandishi yawe mafupi na kwa Kiswahili chepesi, ili nyanya na mjukuu wayaelewe kwa pamoja.

WALIMU WAANZE

Sipendi kumaliza kwa kuitupia serikali kila kitu, kama ilivyo ada ya sisi waandishi. Mtaala wa umilisi unawataka wazazi washiriki katika masomo ya watoto wao, na walimu wengi wameniambia kwamba hawajui wawashirikishe vipi zaidi ya kuwaitisha vifaa. Hii hapa njia. Katika pembe ya darasa, wanafunzi wenyewe wanaweza kuunda ukuta wa vimo katika somo la sanaa, wakapima mizigo katika hisabati, wakasoma habari za Styal na Hine katika masomo ya jamii, na kuandika kadi za maswali katika Kiswahili. Siku ya Juni 12, ambayo tangu 2002 ni siku ya ulimwengu ya kupinga utumikishaji wa watoto, wazazi waalikwe kuja kupita katika pembe hiyo wakiongozwa na watoto wao. Vile vitakavyofanya vyema vipelekwe kwa wasimamizi wa makumbusho yaliyo karibu, waambiwe: haya tumeyajaribu, tupeni chumba.

Mwanafunzi unayesoma haya, nawe una sehemu yako, na haingoji chumba kijengwe. Kadi za jikoni nimekwisha kukutajia. Zichukue nyumbani jioni ya leo, uulize kwa adabu kama mtoto amwulizavyo mzazi wake, na umsikilize vizuri atakayejibu. Na kama yupo nyumbani kwenu mtu wa makamo yako ambaye huwa anaosha vyombo wewe ukifanya mazoezi ya shule, usianze na mzazi. Anza naye. Mwulize jina lake kamili, na kama angependa kuandika naye mazoezi hayo.